Ukakasi

Ukumbini kiyoyozi kimewekwa digrii kumi na tisa.
Nje, Maskati inachemka arubaini na sita,
nami karani wa kikao nimejitanda shali ya marehemu mama,
vidole juu ya vibonye:
kazi yangu ni kuandika kila kinachosemwa
na kutokuwepo.

Kamati ya Nishati na Mazingira, saa tatu na robo.
Wajumbe tisa, vilemba vimekaa sawa,
na chupa tisa za maji zenye picha ya mlima wa theluji.
Mtu wa kampuni anaonesha picha ukutani:
paneli za jua zimetandazwa jangwani kama mikeka ya harusi,
bomba, matangi, meli inayowaelekea wanunuzi.
Gesi yenyewe haina rangi. Anaiita ya kijani.
Naandika: ya kijani.
Mjumbe wa Ibri anauliza maji ya kuitengenezea yatatoka wapi.
"Baharini, mheshimiwa."
"Na chumvi yake itarudi wapi?"
"Baharini, mheshimiwa."
Naandika mara mbili. Mashine inadhani nimekosea.

Shahidi wa nne, Bi Rayya binti Mselem,
mkulima wa ndimu, pwani ya Batina,
miaka sabini na moja, viatu vya mpira.
Kazaliwa Wete; nilijua asubuhi, koridoni,
aliponitazama uso akaniuliza bila salamu,
"Mwanangu, choo kiko wapi?"

Alikuja na chupa ya maji ya kisima chake.
Mlangoni wakaichukua: vimiminika haviruhusiwi.
Sasa amesimama mikono mitupu
mbele ya chupa tisa.

Anasema Kiarabu kilichonyooka, kilichopangwa usiku:
pampu za majirani, umeme wa bei ya ruzuku,
mita sitini, mita tisini,
bahari inaingia chini ya mashamba bila kubisha hodi.
Ndimu zilikuwa mia mbili na kumi. Zimebaki kumi na nne.
Mwanawe yuko Sohar, kiwanda cha kusafisha mafuta,
"na mshahara wake ndio unaonilisha, msinielewe vibaya."
Mwenyekiti anatazama saa.
"Maji hayo, mama, yana tatizo gani hasa?"

Anatafuta neno. Ulimi unapapasa kaakaa,
unakosa, unarudi ulikolelewa.
"Yana ukakasi."
"Yana chumvi?"
"Chumvi naijua. Ukakasi."

Mwongozo wetu, kifungu cha saba:
neno la lugha ngeni liwekwe kwenye mabano,
(neno halikusikika).
Nikaweka.
Lakini nilisikia.
Nilisikia bibo la kuiba na mdomo uliokunjika,
ndizi mbichi, na sauti ya mjomba
aliyekuja kuuliza urithi kabla ya hitima.
Na mjumbe wa tatu kushoto akainamisha macho ghafla,
akajishughulisha na kalamu isiyoandika.
Bibi yake, watu wanasema, alikuwa wa Tanga.

Kikao kimeahirishwa hadi Jumatatu.
Maoni ya wananchi yamepokewa kwa shukrani.
Bi Rayya ameshaondoka, basi la Saham halingoji mtu.

Kwenye trei ya mlinzi, kati ya viberiti na manukato,
chupa imeandikwa kwa kalamu ya wino:
RAYYA. KISIMA CHA PILI.
"Yako?" mlinzi ananiuliza.
Nikasema yangu.
Nikanywa funda moja, hapo hapo nimesimama.
Hata si chumvi.
Ni kitu kinachokamata ulimi, kikaushikilia
kama mtu aliyekushika mkono ili usiende zako.

Nikapanda tena, ghorofa ya pili, taa zimeshazimwa nusu.
Ukurasa wa arubaini na moja. Nikafuta mabano.
Nikaliandika neno kwa herufi za Kiarabu,
moja moja, kama mtoto wa chuoni.
Mashine ikalipigia mstari mwekundu:
hailijui, inapendekeza mengine matatu.

Nikauacha mstari pale ulipo.
Mdomo wangu bado umekunjika.